Gramu Mia Nne

1 Ashar
Mvua imeanza leo alfajiri, siku ya kwanza ya mwezi wa Ashar, ileile iliyoandikwa kwenye kalenda, jambo ambalo si la kila mwaka. Nimefungua daftari jipya.
Nitai-babu, mchanganya dawa wa hospitali yetu kwa miaka thelathini na moja, ametolewa mtoto wa jicho. Jicho la kushoto limefungwa bandeji, la kulia linaona ukungu. Daktari Tozammel ameamua kwamba msimu huu nitapima na kuchanganya mimi, msaidizi wake, na Nitai-babu atakaa mlangoni kunisimamia. Mzee akasema sawa, atasimamia kwa masikio.

4 Ashar
Mvua. Nimeosha chupa zote na kuzianika juu chini.

9 Ashar
Mvua. Wagonjwa watatu wa kuharisha, wote kutoka visiwa vya mchanga katikati ya mto.

12 Ashar
Wamefika kumi na wanne. Nimechanganya potasiamu kwa mkono wangu kwa mara ya kwanza.
Mwenye kipindupindu huipoteza chumvi hii pamoja na maji, na ikipungua miguu hulegea na moyo huyumba. Ikizidi, moyo husimama. Nitai-babu alinirudishia maneno hayo mara mbili, kana kwamba sikuyajua.
Chupa kubwa ya kioo ina mistari miwili. Wa juu ni lita nne, wa kati ni lita mbili. Ukutani imebandikwa karatasi yenye mwandiko wa Nitai-babu: Potasiamu, gramu 400, maji mpaka mstari wa juu. Hiyo ni asilimia kumi. Kila mililita kumi ina gramu moja, na hiyo ndiyo dozi, ndani ya glasi ya maji, mara tatu kwa siku. Anayeruhusiwa kwenda nyumbani hupewa chupa ndogo ya dozi kumi. Ubavuni tunaibandika utepe wa karatasi uliokatwa ngazi kumi, ili hata asiyejua kusoma aone dozi yake inapoishia.
Kopo la poda lilikuwa na kilo tano kamili. Sasa lina gramu 4,600.

16 Ashar
Barabara ya mjini imekatika. Daktari ametukusanya asubuhi. Mwaka jana, alisema, chupa ilikauka watu wakiwa wamelala hadi koridoni, na mmoja alikufa huku wengine wakingoja poda iyeyuke. Kwa hiyo kuanzia leo hatungoji iishe. Ikifika mstari wa kati, tunajaza.
Moyna, mhudumu wa wodi, alisema ni kama chungu cha mtindi nyumbani: ukikikwangua mpaka chini, kesho utagandishia maziwa kwa kitu gani? Nitai-babu akacheka mpaka tambuu ikamtoka mdomoni. Daktari pia alicheka. Ni amri nzuri. Nimejisikia salama zaidi.

18 Ashar
Imefika mstari wa kati. Nimepima gramu 400 kama karatasi isemavyo, nimejaza maji mpaka mstari wa juu, nimetikisa hadi ikawa angavu. Poda: 4,200.

20 Ashar
Khala Jobeda ameletwa leo. Ni dada wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea. Wamemvusha kutoka kisiwa cha Balukhali juu ya chelezo cha migomba, macho yamezama, ngozi ya mkono ukiivuta hairudi. Nilipomshika alifungua jicho moja.
"Nahar, mbona umekonda hivyo? Hospitali hii haina wali?"
Nikajua hajafa. Dripu nne zimeingia kabla hajapata mkojo, na uliopatikana ni kidogo, mweusi kama chai. Daktari anasema figo zake zimeumia, atazichunga.

21 Ashar
Mvua. Khala amelala.

23 Ashar
Mstari wa kati. Gramu 400, maji mpaka mstari wa juu. Poda: 3,800.
Wagonjwa wanaisifu dawa. Mmoja amesema ya mwaka jana ilikuwa kama maji ya kuoshea mchele, ya mwaka huu inakamata koo. Huku kwetu dawa isiyouma si dawa. Mtu husafiri siku nzima kwa mashua akitafuta inayouma.

24 Ashar
Khala ameketi. Amemtania Moyna kwamba anafagia kama bibi harusi, amemwambia jirani yake wa kitanda cha pili kwamba anakoroma kama boti ya mizigo. Kisha akanigeukia.
"Dawa yako ina meno, mwanangu. Naihisi mpaka vidoleni."
Nilifurahi. Naandika ukweli: nilifurahi sana. Baadaye nilimwomba Nitai-babu aionje, maana kila mara yeye huonja tone moja la kila mchanganyiko. Akaweka tone ulimini, akafikiri, akasema iko sawa. Tambuu na chokaa vya miaka hamsini vimeuunguza ule ulimi, lakini sikuliona hilo kuwa jambo la kuandika mpaka sasa ninapoliandika.

26 Ashar
Mwendesha mashua wa kitanda cha nne amekufa saa tano asubuhi. Jana alikuwa anakula wali na dengu kwa mkono wake. Daktari anasema alichelewa kuletwa. Mapigo yake yalikuwa ya polepole, akasema, polepole mno kwa mtu aliyekaukiwa.

27 Ashar
Mvua. Maji yameingia uani.

28 Ashar
Mstari wa kati. Gramu 400, maji mpaka mstari wa juu. Poda: 3,400.
Wagonjwa watano wanalalamika kwamba miguu haina nguvu. Daktari amezunguka wodi mara tatu. Miguu kulegea ni dalili ya potasiamu kupungua, kwa hiyo ameagiza wale watano wapewe dozi mbili mahali pa moja. Vipimo vya damu vinakwenda mjini kwa boti na majibu huchukua wiki. Nimebadilisha kadi zao kwa wino mwekundu.

30 Ashar
Khala ameruhusiwa. Mkojo umeongezeka, ingawa Daktari anasema bado hauridhishi, na vifundo vya miguu vimevimba. Lakini vitanda havitoshi, na yeye mwenyewe alikuwa ameshafunga mzigo wake kabla hajaulizwa.
Kila anayetoka hupewa chupa moja ndogo. Yeye nimempa mbili, kwa kuwa ni Khala. Nilimkatia utepe kwa mkasi mkali ili ngazi zionekane vizuri. Alizifunga kwenye pindo la sari na kulipapasa njia nzima mpaka chelezoni.

1 Shrabon
Mwezi mpya. Mwanamke wa kitanda cha kumi na moja amekufa. Alikuwa mmoja wa wale watano. Moyo ulisimama tu, kama saa.
Mstari wa kati. Gramu 400, maji mpaka mstari wa juu. Poda: 3,000.
Niliandika namba hiyo, nikaitazama muda mrefu.

2 Shrabon
Poda inaibiwa.
Nimepiga hesabu mara tatu. Tangu mwanzo zimetoka lita nane. Kwa asilimia kumi, hizo ni gramu 800. Chupani zimo lita nne, gramu 400. Jumla 1,200. Kopo lilikuwa na 5,000, kwa hiyo lingebaki na 3,800. Lina 3,000. Gramu mia nane hazipo.
Nimemfikiria Moyna, ambaye mfuko wake hurudi nyumbani mzito kuliko ulivyokuja. Kisha nimemfikiria mwingine, na naona aibu kuandika. Nitai-babu anakaa peke yake mlangoni kila adhuhuri tunapokwenda kula. Anawajua wauza dawa wote wa sokoni. Leo nimemwona akipapasa rafu kwa vidole hadi kwenye kopo, akalishika, akaliacha. Aliposikia hatua zangu akasema anatafuta tambuu yake. Tambuu ilikuwa mfukoni mwake.
Nimefunga kopo kwa uzi na kuutia nta.

3 Shrabon
Uzi haujaguswa. Nimepima kopo: gramu 3,000 kamili. Hakuna aliyechukua kitu.
Nilikaa kwenye stuli. Mvua ilikuwa nzito kiasi cha kutosikia wodi. Nilijiambia, kama poda haikutoka mlangoni basi imepita mahali pengine, na kopo lile lina njia moja tu. Kila gramu niliyoitoa niliitia mahali pamoja.
Nilipima mililita mia moja kutoka chupa kubwa, nikazichemsha kwenye bakuli juu ya jiko mpaka maji yote yakaisha. Zingepaswa kuacha gramu kumi. Nilipoweka ule weupe kwenye mizani, ilisoma gramu kumi na tisa na kitu.
Nikachukua kalamu. Nilipojaza mara ya kwanza, chupa haikuwa tupu. Ilikuwa na lita mbili, na ndani yake gramu 200. Nikaongeza 400. Zikawa 600, asilimia kumi na tano. Mara ya pili nusu ilibaki na 300, nikaongeza 400, zikawa 700. Kisha 750. Kisha 775. Kila mara nimefuata karatasi, na karatasi ni ya chupa tupu.
Hakuna mwizi. Gramu zile mia nane: 375 zimo chupani, juu ya zile zinazopaswa kuwamo. Zilizobaki, 425, zimo ndani ya watu.
Wale watano miguu yao haikulegea kwa kupungukiwa.
Nilimwendea Nitai-babu mlangoni, nikamweleza kwa sauti ya chini. Alipotema tambuu, aliuliza kitu kimoja tu, kama chupa iliwahi kuoshwa. Nikasema haijawahi, maana haikauki.
"Nilikuwa hapa," alisema. "Nilikusikia ukiita mia nne. Mara tano. Na kila mara nikasema moyoni, huyu binti anapima vizuri."
Kisha akaniambia jana alikuwa akilipapasa kopo kwa sababu lilipogongwa lilitoa mlio wa kopo lililopungua, na hakutaka kunitia hofu kabla hajajua. Nilishindwa kumtazama. Nilikuwa nimeshamfunga jela akilini mwangu.
Akasema atakwenda kwa Daktari, aseme kosa ni la karatasi, na karatasi ni yake, na yeye ni mzee. Nikamwambia mizani ilikuwa mkononi mwangu. Tulikwenda wote wawili, yeye ameshika bega langu kwa sababu ya jicho.
Daktari Tozammel alisikiliza akiwa amesimama. Aliomba kuona bakuli. Aliomba kuona kadi zenye wino mwekundu, akaziangalia moja moja, na akasema polepole kwamba amri ya kujaza ni yake, na dozi mbili pia ni yake, na kwamba tutazungumza juu ya nani amefanya nini siku ambayo hakutakuwa na mtu anayeinywa. Dakika ile chupa zote wodini zilikusanywa. Chupa kubwa tuliimwaga shimoni, tukaiosha mara saba.
Halafu akafungua kitabu cha wanaotoka. Tangu siku ya kujaza mara ya kwanza zimetoka chupa ndogo thelathini na moja, zote kwenda visiwani. Watu wa kule hawatampa dawa mtu wasiyemjua, akasema. Nikajibu kwamba mimi wananijua.
Mbili kati yake ziko Balukhali.

4 Shrabon
Mto umepanda, Balukhali haifikiki leo. Mkondo ulitusukuma nyuma mara mbili, na mwenye mashua amekataa kujaribu mara ya tatu. Tumezunguka visiwa vya karibu badala yake.
Kukusanya sumu ni rahisi. Kukusanya dawa nzuri ni shida. Nyumba ya kwanza mwanaume aliapa kwamba chupa imevunjika, huku shingo ya chupa hiyo ikichungulia nyuma ya mtungi wa mchele. Nyumba ya tatu walinipa mayai sita ili niwaachie. Mama mmoja aliniuliza kwa ukali kama sasa tunataka kuwapa mabwana wa mjini ile iliyo kali na kuwaletea wao maji. Nikamwambia imechanganywa vibaya. Akasema basi nasi tuendelee kuchanganya vibaya.
Chupa kumi na nne.

5 Shrabon
Kumi zaidi. Jumla ishirini na nne. Mkondo bado.
Nimejaribu kuhesabu. Khala ana dozi ishirini, kila moja karibu gramu mbili. Akizinywa kama utepe unavyosema, zinaisha siku ya saba. Leo ni ya sita. Nimeacha kuhesabu.

6 Shrabon
Tumevuka asubuhi. Maji Balukhali yamefika kwenye vizingiti, watu wamehamia juu ya tuta na mbuzi wao. Nilimwona kutoka mbali, amechuchumaa chini ya turubai, anapepeta bisi za mchele. Nilishuka kabla mashua haijasimama, nikazama mpaka kiunoni.
Nilimshika mkono nikatafuta mshipa. Unapiga. Unapiga kama wa mtu mwingine yeyote. Alinitazama kana kwamba nimepata wazimu.
"Dawa, Khala. Umekunywa ngapi?"
"Mimi? Nimekunywa mbili za kwanza nilipofika. Miguu ikavimba zaidi, nikaiacha."
Nilikaa kwenye matope, nikalia. Akanifuta uso kwa pindo la sari. Alidhani nalia kwa sababu ameniharibia dawa yangu, kwa hiyo akaharakisha kunituliza.
"Haikupotea, wee mtoto. Nani anaficha dawa kama ile wakati majirani wanahara? Nimewagawia."
Akatoa chupa zote mbili. Moja tupu. Ya pili imebaki ngazi tatu. Utepe wangu uliokatwa vizuri ulikuwa umesafishwa hata madoa ya matope, ili asimpunje mtu. Nikamuuliza aliwapa akina nani. Akahesabu kwa viungo vya vidole, bila haraka. Binti wa mshona nyavu, mbili, amepona, yule pale anakimbia. Mke wa mwalimu wa madrasa, moja, akaitapika. Wale ndugu wawili wenye ng'ombe, tatu kila mmoja, wazima. Akaendelea hivyo hadi alipofika kwa mzee Torab, mtengeneza vyungu, ambaye figo zake kila mtu kisiwani anajua ni mbovu tangu ujana.
"Yeye nilimpa tano, masikini. Miguu ilikuwa haina nguvu kabisa. Sasa amepumzika. Amelala tangu jana alasiri, na mkewe Hajera anasema hajawahi kumwona akilala vizuri hivyo."
Niliinuka. Turubai ya mzee Torab ilikuwa ya nne kutoka pale. Hajera alikuwa ameketi upande wa kichwa chake akimfukuzia nzi kwa upepeo wa mkindu. Aliweka kidole mdomoni ili nisimwamshe.

7 Shrabon
Tumemzika mzee Torab adhuhuri kwenye ukingo wa juu wa tuta, kwa kuwa hakuna ardhi nyingine kavu. Kaburi lilijaa maji nusu, wakayateka kwa ndoo.
Baada ya dua wanaume walibaki wamesimama, na Khala aliniuliza mbele yao wote kama dawa ilikuwa sawa. Angeweza kuniuliza faraghani. Naamini aliuliza vile kwa sababu mikono iliyoigawa ni yake.
Nikasema haikuwa sawa. Nikasema ilikuwa kali karibu mara mbili, na kwamba niliichanganya mimi, wala Khala hakujua. Niliwaeleza habari ya chupa isiyokauka, na ya gramu mia nne juu ya zile zilizokuwamo. Sijui walielewa kiasi gani. Walielewa ya kutosha. Mdogo wa marehemu alitazama miguu yangu. Mtu mmoja nyuma alitema mate.
Hajera alitoka chini ya turubai amevaa sari nyeupe aliyoazimwa, fupi kwake. Nilingoja anipige. Ningependa anipige.
"Bado ziko ngapi nje?" aliuliza.
Nikasema tano. Nikamtajia majina kama yalivyo kitabuni. Alisikiliza akiwa amefumba macho.
"Wawili kati ya hao hawapo tena walikoandikwa. Nyumba zao zimekwenda na maji, wamehamia kwa wakwe zao, ng'ambo ya kaskazini. Wewe hutawapata."
Shemeji yake akamwambia aingie ndani. Mwanamke aliye kwenye eda hatoki, na udongo wa kaburi la mumewe haujakauka. Wazee wawili wakaitikia. Hajera alijifunga pindo la sari kiunoni.
"Kule kuna watu miguu haina nguvu," alisema, "na wanaongezewa kijiko cha dawa. Eda nitaianza nikirudi."
Akateremka tuta, akaingia mashuani kabla yangu, akaketi mbele na kumwonyesha mwenye mashua upande wa kwenda.
Naandika haya mashuani. Mvua imerudi. Hajanisemesha neno tangu tuondoke. Mara mojamoja anageuka kutazama kama bado niko.